Mutoto, Mtoto na Hesabu ya Mizani

Mwaka juzi, binti wa dada yangu alipoolewa hapa Lubumbashi, nilijitwika mwenyewe kazi ya kumtungia shairi la Kiswahili, badala ya ile hotuba ya Kifaransa ambayo familia ilikuwa imezoea kuisikia kutoka kwangu. Sikuona ugumu wowote. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari, na kwa miaka mingi nimewafundisha vijana kuhesabu silabi 12 za mshororo wa kale wa Kifaransa, ule unaokatwa baada ya silabi ya 6, mpaka vidole vyangu hujikunja vyenyewe ninaposikia sentensi yenye mpangilio. Nilijua pia, kama ajuavyo kila aliyewahi kufungua kitabu cha fasihi ya Kiswahili, kwamba mshororo, yaani mstari, wa shairi la kawaida una mizani, yaani silabi, 16, katika vipande viwili vya mizani 8, cha kwanza ukwapi na cha pili utao, na kwamba kila kipande hufungwa kwa kina chake, ile sauti ya mwisho inayorudiwa mshororo baada ya mshororo. Nikakesha siku tatu, nikahesabu, nikapata beti sita ambazo machoni pangu hazikuwa na kasoro.

Miongoni mwa wageni wa shemeji yangu alikuwamo dereva wa lori kutoka Tanga, mtu wa makamo, ambaye huleta mizigo kutoka Dar es Salaam kwa kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa. Nilipomaliza kusoma, akina mama walipiga vigelegele, naye akapiga makofi kwa adabu. Baadaye, tulipokuwa tumekaa pembeni na sahani zetu za bukari, ugali wetu wa hapa, akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini: «Mwalimu, maneno ni matamu, lakini shairi lako linachechemea. Mizani zimezidi.»

Nilimjibu kwamba haiwezekani, kwa kuwa nilikuwa nimehesabu. «Basi tuhesabu pamoja,» akasema.

Kipande changu cha kwanza kilikuwa hiki: «Mtoto wetu mpendwa leo.» Nilimwonyesha kwa vidole: mto-to, we-tu, mpe-ndwa, le-o. Nane kamili. Yeye akagonga meza kwa kifundo cha kidole, polepole, kama mtu anayebisha hodi: m-to-to, we-tu, m-pe-ndwa, le-o. Kumi. Nikamweleza kwamba herufi m haiwezi kuwa silabi kwa sababu haina irabu, na kwamba katika Kifaransa ninachofundisha hakuna silabi isiyo na irabu. Hakubishana nami. Aliuliza tu: «Ninyi hapa mnamwitaje, huyo mtoto?»

«Mutoto,» nikajibu bila kufikiri.

«Na mutoto ana silabi ngapi?»

Nilinyamaza na bukari yangu mkononi. Mu-to-to. Tatu, na hata mwanafunzi wangu mvivu kuliko wote asingezikosa. Nilikuwa nimesema mutoto tangu nilipoanza kusema, lakini siku nilipotaka kuandika Kiswahili cha vitabu niliifuta ile u, na kwa kuifuta nikadhani kwamba nimeifuta silabi nzima pamoja nayo. Kumbe silabi ilikuwa imebaki palepale, imejificha ndani ya m. «Ondoa hilo neno leo,» mgeni wangu akasema, «kipande kitasimama.» Nikaondoa: «Mtoto wetu mpendwa.» Nane.

Kipande kingine alichokigusa kilikuwa na ugonjwa wa aina nyingine. Nilikuwa nimeandika «Njaa kamwe isimfikie», na katika hesabu yangu neno njaa lilikuwa silabi moja ndefu, kama vile sikio la Kifaransa lingelisikia, na isimfikie ilikuwa i-sim-fi-ki-e. Alipogonga meza zikatoka kumi tena: nja-a, ka-mwe, i-si-m-fi-ki-e. Safari hii sikusubiri aniulize, kwa maana nilikuwa nimekwisha kusikia jinsi mama yangu angelitamka lile neno. Mama yangu hasemi njaa, husema njala. Nja-la, mbili. Na asingesema isimfikie, angesema isimufikie. Nilitoa kamwe, kipande kikapona, na nikabaki na aibu kidogo kwamba katika vipande viwili nilikuwa nimeingiza maneno ya kujazia nafasi ambayo haikuwa tupu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia jambo hili kwa makini zaidi kuliko linavyostahili mtu mwenye madaftari ya kusahihisha, na kila ninavyolifuatilia ndivyo ninavyoamini kwamba Kiswahili chetu cha Katanga, ambacho tumeambiwa mara nyingi kwamba kimevunjika, kinahesabu mizani waziwazi mahali ambapo maandishi ya Kiswahili sanifu yanazificha. Mtu ni mutu, mlango ni mulango, mgeni ni mugeni, alimpiga ni alimupiga: kila mahali ambapo sisi tunatamka mu, mtungaji wa pwani anahesabu m kuwa mizani moja kamili, na idadi inabaki ileile. Lakini hakuna anayesema mubuzi wala mungoma. Mbuzi ni mbu-zi na ngoma ni ngo-ma kwetu na kwao, kwa sababu pale sauti ya puani imeshikamana na konsonanti inayoifuata na haina pumzi yake yenyewe.

Maneno mafupi yananifurahisha zaidi. Kiswahili sanifu kina nchi, nne na mbwa, ambayo yakiandikwa yanaonekana kuwa na silabi moja moja, na mwanafunzi yeyote aliyezoea Kifaransa atayahesabu hivyo. Sisi tunasema inchi, ine, imbwa, na hapo silabi mbili zinasikika bila mwalimu. Mtunzi anayehesabu n-chi, n-ne na m-bwa anafuata sheria hiyohiyo: neno lisilo na irabu ila moja mwishoni haliwezi kusimama kwa mguu mmoja, kwa hiyo sauti ya puani iliyotangulia inapewa pigo lake. Na irabu mbili zinazofuatana zina historia inayofanana na hiyo. Katika maneno mengi ya aina hii kulikuwa na l katikati, nayo ikadondoka katika Kiswahili cha pwani zamani sana. Sisi tunaosema njala, mvula na kufungula tumeibakiza, au pengine lugha nyingine za nyumbani kwetu zimetusaidia kuibakiza, na kwa hiyo hatuna haja ya kukariri kwamba njaa, mvua na kufungua zinahesabika kwa kila irabu peke yake.

Sitaki kudanganya kwamba sikio letu halina mitego. Katika lugha ya mtaani, hapa Katuba na Kamalondo, mara nyingi tunasema mutu mubaya na vilevile nyumba mubaya, bila kubadilisha kivumishi kulingana na ngeli. Kiswahili sanifu kinaandika «mtu mbaya» na «nyumba mbaya», na jicho linaona neno mbaya lilelile mara mbili. Sikio la mtunzi linasikia maneno mawili tofauti: m-tu m-ba-ya ni mizani tano, nyu-mba mba-ya ni nne, kwa kuwa m ya kwanza ni kiambishi cha ngeli ya mtu na ya pili imeungana na b kama katika mbuzi. Hapo mtu wa Lubumbashi akitegemea mazoea yake atazidisha mizani moja, na hakuna njia ila kujua ngeli. Nimewaona vijana wangu wakikosea hapo hata baada ya kuelewa yote mengine.

Idadi ni nusu tu ya jambo. Miezi kadhaa baada ya harusi nilimsomea yule dereva, alipopita tena mjini, vipande vipya ambavyo nilikuwa nimevihesabu kwa kugonga meza kama alivyonifundisha. Alikubali kwamba vimetimia. Kisha akasema jambo lililonisumbua kuliko lile la kwanza: «Vimetimia, ila havitembei.»

Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anazungumza juu ya mkazo, yaani ile silabi ya neno inayotamkwa kwa nguvu kuliko nyingine. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na neno likirefushwa unahama pamoja nalo: ru-di ina mkazo kwenye ru, ru-di-sha kwenye di, ru-di-sha-na kwenye sha. Hata m ya mtu, ambayo nilidhani si silabi, ndiyo inayobeba mkazo wa neno hilo, kama vile mu inavyoubeba katika mutu. Maneno yanayoasi ni machache, na mfano unaotajwa kila mara ni barabara, ambayo ukiikazia silabi ya tatu ni njia ya magari, na ukiikazia ya pili ni sawasawa kabisa. Sisi wa Lubumbashi tuna mazoezi ya siku zote katika jambo hili bila kujua, kwa kuwa tunaishi kati ya lugha mbili zinazokaza mahali tofauti. Kifaransa hukaza silabi ya mwisho ya fungu la maneno. Mtangazaji akisoma habari kwa Kifaransa, jina la mji wetu linaishia kwa kishindo kwenye shi. Mama anayeuza mihogo akilitaja jina hilohilo, kishindo kiko kwenye ba, na shi inaanguka chini kama jani. Kolwezi na Likasi zinapata matendo hayohayo mara kumi kwa siku midomoni mwa watu walewale.

Matokeo yake katika ushairi ni makubwa. Ikiwa kila neno hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi kila kipande cha mizani 8 lazima kifikie mkazo kwenye mizani ya 7 na kushuka kwenye ya 8, isipokuwa kikiishia kwa kineno cha silabi moja kama «tu». Mwisho wa kipande umekwisha kupangwa na lugha yenyewe, na mtunzi hana la kuamua hapo. Uhuru wake uko katika mizani sita zinazotangulia, nao unategemea urefu wa maneno anayoyachagua. Chukua kipande «Njia hii ndefu sana», chenye maneno manne ya silabi mbili mbili: mikazo iko kwenye mizani ya 1, 3, 5 na 7, na unasikia mtu anayetwanga. «Wachimbaji wanarudi» kina maneno mawili ya silabi nne nne, na mikazo iko kwenye ya 3 na ya 7 tu. Ni mwendo wa hatua ndefu, wa watu waliochoka. Sasa chukua «Tunawangoja jioni», ambapo mikazo ni ya 4 na ya 7, ukibadilishe useme «Jioni tunawangoja». Maneno ni yaleyale, mizani ni nane vilevile, lakini mkazo wa kwanza umerudi kwenye mizani ya 2, na kutoka hapo unasubiri silabi nne nzima kabla ya kupata mwingine mzito. Mimi husikia katika hicho cha pili kungoja kwenyewe. Vipande vyangu ambavyo havikutembea vilikuwa karibu vyote vya aina ya twanga-twanga, kwa sababu nilikuwa ninajaza nafasi kwa maneno mafupi ili hesabu itimie.

Huu hapa ubeti wa utenzi nilioutunga nikijaribu kuchanganya mwendo. Utenzi una vipande vinne vya mizani 8, vitatu vya kwanza vikiwa na kina kimoja na cha nne kikibeba kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti mpaka utenzi umalizike:

Tunawangoja jioni
Watoke kule shimoni
Vumbi likiwa usoni
Na kiu imewashika

Ukiugonga mezani utapata nane kila mstari, lakini ukiusoma kwa sauti ya kawaida mikazo inaanguka kwenye 4 na 7, kisha 2, 4 na 7, kisha 1, 4 na 7, kisha 2 na 7. Sikuipanga kwa hesabu; niliusema mara nyingi nikitembea kwenda kazini, na kila neno lililonikwaza ulimi nililibadilisha. Kuhusu vina, sheria inaridhika na -ni peke yake. Mwanzoni nilikiona kina cha namna hiyo kuwa maskini sana, maana katika Kifaransa kina hubebwa na irabu yenye mkazo, wakati -ni ya Kiswahili iko kwenye silabi dhaifu kuliko zote za kipande. Siku hizi nakiona kama kengele ndogo inayoarifu kwamba hesabu imefika mwisho. Hata hivyo nakiri kwamba katika ubeti huu nimeiba kidogo desturi ya kwetu darasani na kuilinganisha irabu yenye mkazo pia: jioni, shimoni, usoni.

Mtu aliyesoma lugha nyingine atauliza kwa nini Kiswahili kihesabu silabi na kisihesabu mikazo, kama Kiingereza kinavyofanya. Mshororo wa tamthilia za Shakespeare una hatua tano, kila hatua ikiwa na silabi dhaifu inayofuatwa na silabi yenye mkazo, na jambo hilo linawezekana kwa sababu mkazo wa Kiingereza hauna makao: neno moja linaukaza mwanzo, jingine mwisho, na mshairi anayapanga. Kwetu mkazo una nyumba yake ndani ya kila neno, hivyo kuufanya kuwa sheria kungekuwa sawa na kutunga sheria kwamba jua lichomoze mashariki. Waarabu walihesabu kitu cha tatu, yaani urefu na ufupi wa silabi, na Al-Khalil bin Ahmad wa Basra katika karne ya 8 alipanga mifumo 15 ya namna hiyo akaiita kwa jina ambalo sisi tumelifanya bahari. Mizani pia imetoka huko, nalo ni neno lilelile la kupimia unga sokoni. Ubeti umetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba. Watunzi wa pwani walichukua majina na wakaacha kipimo cha urefu, na nadhani walifanya vizuri, kwa kuwa Kiswahili hakitofautishi irabu fupi na ndefu. Kinachoonekana kuwa irabu ndefu katika kaa ni silabi mbili.

Anayetaka kusikia kinachotokea mkazo unapopuuzwa aende kanisani siku ya Jumapili. Nyimbo nyingi za ibada zilizotafsiriwa kutoka Ulaya zina tuni ambazo mstari wake humalizikia kwenye pigo zito, kwa sababu lugha zilizozizaa zina maneno yanayoishia kwa mkazo. Neno la Kiswahili likipandishwa juu ya tuni hiyo, silabi dhaifu ya mwisho inavutwa na kutwishwa uzito wote, na waumini wanaimba Bwanaaa kana kwamba jina hilo lina mkazo kwenye na. Idadi ya silabi ni sahihi, mfasiri alihesabu vizuri, na bado neno linatoka limepinda. Nyimbo zilizotungwa hapahapa na wanakwaya wetu hazina tatizo hilo: sauti inapanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kisha inashuka.

Sheria hizi zilipata kuandikwa kwa mpangilio mwaka 1954, katika kitabu cha Kaluta Amri Abedi kuhusu kanuni za kutunga mashairi, na hunipendeza kwamba mwandishi huyo alizaliwa Ujiji, ukingoni mwa ziwa Tanganyika, ng'ambo ya pili kutoka Kongo. Miaka ishirini baadaye, mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, mabishano yakawa makali juu ya iwapo shairi lisilo na mizani wala vina ni shairi. Walioshikilia kanuni wana neno zito la kuliitia shairi lenye kasoro: guni. Mimi sina ugomvi na shairi huru, na baadhi yake nalipenda sana. Ninachokataa ni guni la bahati mbaya, kama langu la harusini, ambalo mtunzi wake alidhani kwamba linafuata kanuni.

Darasani nimeanza kufanya kitu ambacho mtaala haukuniagiza. Kabla ya kufundisha jinsi Kifaransa kinavyohesabu e ya mwisho wa neno, ambayo katika porte fermée huhesabiwa na katika porte ouverte humezwa na irabu inayofuata, nawaomba vijana waandike kwa Kiswahili cha vitabu sentensi yenye maneno mtoto, mlango na mvua, kisha waitamke kama wanavyoitamka nyumbani na kugonga dawati. Wanacheka, kwa sababu shuleni wamezoea kuambiwa wasiseme mulango. Halafu wanagundua kwamba idadi ya mapigo haikubadilika, na baada ya hapo ile e ya Kifaransa, inayoandikwa na mara haisikiki, haiwashangazi tena sana. Mmoja aliniuliza kama ina maana kwamba sasa wanaweza kuandika mulango katika mtihani. Nilimwambia aandike mlango na ahesabu mulango.

Yule dereva hutuma ujumbe wa sauti mara moja moja, kwa kawaida akiwa amekwama mpakani. Wiki iliyopita ujumbe wake ulikuwa na maneno mawili tu, yaliyosemwa kwa uchovu wa mtu aliyelala ndani ya lori siku kadhaa: «Foleni haijasonga.» Niliyasikiliza mara mbili kabla sijayagonga mezani, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua idadi yake. Nikamjibu kwa kipande cha pili, kama cha utenzi: «Vumilia, papa yangu.» Alinirudishia kicheko, akaongeza kwamba vina havijaoana.

Yeye ana haki. Bado natafuta neno linaloishia kwa -nga.